Shaba ni Moja, Vyombo ni Vingi



Mtu akipanda basi ndogo asubuhi kutoka Katuba au Kenya kwenda mjini Lubumbashi, mara nyingi hakosi kumkuta mhubiri. Abiria wamebanana, mama amepakata kikapu cha mboga, wanafunzi wamekumbatia madaftari yao, naye mhubiri amesimama ameinama chini ya paa, Biblia mkononi, akipaza sauti mpaka mwisho wa safari. Wengine humsikiliza, wengine husinzia, wengine hutazama nje. Akisha kushuka, ndipo Wakatoliki huanza kunong'onezana: "Hawa ndugu wanatushinda. Sisi tunabatizwa, tunasali Rozari, kisha tunakaa kimya. Nani kati yetu angeweza kusimama namna hii?"

Swali hilo si la mchezo. Wako wanaolijibu upesi kwa kusema kwamba kutangaza Injili ni kazi ya mapadri, masista na makatekista, na mwumini wa kawaida yamtosha kufika Misa ya Dominika. Wako wengine wanaoingiwa na huzuni, wakidhani kwamba Mungu hana kazi nao kwa kuwa hawakujaliwa ulimi mwepesi. Makundi yote mawili yamekosea. Nasi twataka kueleza sababu; lakini kwanza yatupasa kukiri kosa letu wenyewe, kwani jambo hili tulijifunza baada ya kumwumiza mtoto wa watu.

Kosa la mwalimu

Ilikuwa wakati wa Kwaresima, miaka michache iliyopita. Tulikuwa tukifundisha dini darasa la wanafunzi wakubwa, nasi tulijaa bidii. Tukawaagiza wanafunzi waende wawili wawili katika mtaa wao, wabishe hodi nyumba kwa nyumba na kuwaeleza watu habari za Kristu. Wengi walifurahi. Kijana mmoja tu alibaki nyuma darasa lilipokwisha, akaomba asamehewe. Kijana huyo alikuwa na kigugumizi. Neno moja lilimchukua muda mrefu, na mbele ya wageni lilikataa kabisa kutoka.

Badala ya kumsikiliza, siku ya pili tulimsimamisha mbele ya wenzake, tukasema kwamba yeye amwoneaye haya Kristu mbele ya watu, Kristu naye atamwonea haya mbele ya Baba yake. Maneno ni ya kweli, lakini tuliyatumia kama fimbo. Kijana alikwenda. Katika nyumba ya kwanza alianza kusema, watoto wakamwigiza, watu wazima wakacheka. Tangu siku ile hakuonekana tena katika mafundisho. Dominika ya kwanza hakufika Misani, na ya pili, na ya tatu.

Baada ya majuma kadhaa tulikwenda kwao. Mama yake alitupokea vizuri, akatupa kiti chini ya mwembe.

"Karibu, Mwalimu. Mtoto hayupo, amekwenda kuchota maji kwa bibi kizee wa nyumba ile ya pili."

"Mama, tumekuja kuuliza sababu ya yeye kuacha mafundisho."

Mama alikaa kimya kidogo, kisha akajibu kwa adabu: "Mwalimu, wewe ndiwe unayeijua sababu."

Hatukuwa na la kusema. Ndipo baba mwenye nyumba, aliyekuwa amekaa pembeni na redio yake, akaingia katika mazungumzo. Mzee huyo alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kampuni moja, akaachishwa bila kupewa haki zake. Mwaka ule ule alimzika binti yake. Tangu hapo hakukanyaga tena kanisani, na jina la Mungu lilipotajwa alitoka nje. Alituambia hivi: "Mwalimu, wamekuja wengi kunihubiria hapa. Wote nimewafukuza. Mtoto huyu hajanihubiria hata siku moja. Lakini redio za wajane wa mtaa huu ni yeye anayezitengeneza, wala hapokei fedha yao. Usiku nikishindwa kulala, yeye huja kukaa nami. Nilimwuliza, kwa nini unafanya hivi? Akahangaika na maneno, mwishoni akanijibu neno moja tu: Yezu. Sikumfukuza."

Wasomaji, tulirudi nyumbani kwa miguu, tukiwa na aibu nyingi. Sisi tulimtuma kijana kuhubiri, kumbe alikuwa amekwisha kuanza. Tena alikuwa akihubiri mahali ambapo sisi na maneno yetu yote tusingeweza kuingia.

Kazi ni ya wote, njia si moja

Hatutaki mtu afahamu kwamba kutangaza imani ni hiari. Tulipobatizwa tulifanywa viungo vya Kristu, na katika Kipaimara tulitiwa nguvu ya Roho Mtakatifu ili tuwe mashahidi wake. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitoa mwaka 1965 hati nzima juu ya utume wa walei, ukafundisha kwamba wito wa kila Mkristu, kwa tabia yake yenyewe, ni wito wa utume. Basi hakuna mbatizwa asiye na sehemu katika kazi hiyo.

Lakini Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorinto, aliwaeleza kwamba mwili ni mmoja na viungo ni vingi. Jicho haliwezi kufanya kazi ya mkono, wala sikio halilazimishwi kuwa mguu. Wazee wetu walisema jambo hilo kwa maneno machache: vidole vya mkono havilingani. Na mkono wenye vidole vilivyolingana vyote ungeshindwa hata kumega bukari.

Sisi watu wa Katanga tunao mfano karibu zaidi. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1910, na kabla mashine yo yote haijachimba ardhi yetu, mababu walijua kuyeyusha shaba. Walikusanya mawe ya kijani wakati wa kiangazi, wakajenga tanuru kwa udongo wa vichuguu, wakawasha makala na kuvukuta mifuo mpaka jiwe likatoa maji mekundu. Mafundi hao waliitwa "wala shaba". Madini hayo yalipotoka motoni yalikuwa yale yale, lakini fundi hakuyafanya kuwa chombo cha namna moja. Mengine yalimiminwa katika kalibu ya msalaba, yakawa fedha ya kununulia na kulipia mahari. Mengine yalivutwa yakawa nyuzi nyembamba za bangili. Hakuna aliyeilaumu bangili kwa kuwa si msalaba. Ndivyo ilivyo imani. Moto ni mmoja, nao ni Roho Mtakatifu. Shaba ni moja, nayo ni neema ya Kristu. Lakini kalibu ni nyingi, nazo ni tabia ambazo Mungu mwenyewe ametupa tangu tumboni mwa mama zetu.

Karatasi chini ya milango

Wanafunzi wengi wa mji wetu wanalijua jina la Mtakatifu Fransisko wa Sales, kwani liko chuo kimoja hapa Lubumbashi chenye jina lake, na Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika mjini kwetu mwaka 1911, wamejiita kwa jina lake. Lakini je, wanajua jinsi alivyofanya kazi?

Mwaka 1594, alipokuwa padri kijana, alitumwa katika nchi ya Chablais, kusini ya ziwa la Geneva, ambako watu karibu wote walikuwa wamekwisha kuliacha Kanisa Katoliki. Alihubiri, lakini watu hawakuja. Wengine hawakutaka, wengine waliogopa kuonekana. Ni padri gani asiyevunjika moyo akihubiria viti vitupu? Fransisko hakupiga kelele zaidi. Alichukua kalamu, akaandika mafundisho katika karatasi, akazipitisha chini ya milango ya nyumba na kuzibandika mahali pa watu wengi. Yule aliyeogopa kuonekana kanisani aliweza kusoma peke yake usiku. Kidogo kidogo mioyo ilifunguka, na baada ya miaka michache sehemu kubwa ya nchi ile ilikuwa imerudi. Kwa sababu ya karatasi hizo Papa Pio XI alimtangaza mwaka 1923 kuwa msimamizi wa waandishi Wakatoliki. Kwa hiyo hata gazeti la namna hii lina deni kwake.

Alipokuwa Askofu, alikutana na kijana kiziwi asiyeweza kufundishwa katekisimu kwa maneno. Hakusema kwamba haiwezekani. Alijifunza kusema naye kwa ishara za mikono mpaka akampa Komunyo. Na katika kitabu chake juu ya maisha ya ibada, kilichotoka mwaka 1609, alifundisha kwamba utauwa wa askofu si ule wa fundi, wala wa mjane si ule wa mke aliyeolewa. Kila mmoja azae matunda kwa namna ya mti wake.

Padri aliyeanza kusikiliza

Mfano wa pili ni wa hapa hapa kwetu. Mwaka 1933 alifika Katanga Padri Placide Tempels, Mfransiskano kutoka Ubelgiji. Wengi wanamjua kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, kilichochapwa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Sisi hapa twataka kukumbuka jambo jingine. Mwenyewe alikiri kwamba miaka mingi ya kwanza alifundisha kama bwana na mkubwa: yeye alijua, watu walinyamaza, yeye aliamuru, watu walitii. Na matunda yakawa machache. Ndipo alipobadili mwendo, akaanza kuwauliza watu: ninyi ni nani? Mioyo yenu inatamani nini? Alipokaa na kusikiliza aligundua kwamba watu walitamani mambo matatu, nayo yakatajwa kwa Kiswahili cha migodini: uzima, uzazi na mapendo. Naye akaona kwamba mambo hayo matatu Kristu anayo yote.

Kuanzia mwaka 1953 hivi, huko Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi wa Musonoi, ulizaliwa mwendo uitwao Jamaa. Hao waliohubiri hawakuwa wasomi. Walikuwa wachimba shaba na wake zao, baba na mama, waliojifunza kwanza kupendana wao wawili, kisha wakawafungulia wengine nyumba yao. Mume aliyezoea kula peke yake alianza kula pamoja na mkewe. Waliozoea kugombana walianza kuombana radhi. Majirani waliona, wakauliza. Mafundisho yalipita kutoka nyumba hadi nyumba, kwa mazungumzo ya polepole baada ya kazi.

Hatutaficha kwamba baadaye yalitokea matatizo. Vikundi vingine vilianza kujifundisha mambo ya siri na kujitenga na mapadri, na maaskofu wakalazimika kuweka amri kali. Fundisho lipo pia katika jambo hilo: kila mtu ana namna yake, lakini hakuna mwenye Injili yake. Kalibu ikitaka kutengeneza shaba ya peke yake, itatoa udongo mtupu.

Nyimbo na mpira

Mapadri Wabenedikto wa mji wetu nao walitambua kwamba vijana hawana tabia moja. Katika miaka ya 1930 Padri Anschaire Lamoral alikusanya watoto wenye sauti nzuri, akaunda kundi la waimbaji lililoitwa Waimbaji Wadogo wa Msalaba wa Shaba. Tazameni jina hilo! Ule msalaba wa shaba wa mababu haukuwa ishara ya Kristu, ulikuwa fedha. Lakini watoto wale waliutwaa ukawa alama ya sifa kwa Mungu. Kutoka katika mazingira hayo alitokea Joseph Kiwele, mpiga kinanda na mtunzi, ambaye Misa yake ya Katanga ilimsifu Mungu kwa milio ya nchi yetu. Je, Kiwele alihubiri? Alihubiri kwa vidole vyake.

Na wale wasiojua kuimba? Mwaka 1939 wamonaki hao hao, waliokuwa wakiongoza Taasisi ya Mtakatifu Bonifasi, waliunda timu ya mpira kwa ajili ya wanafunzi wasioelekea upadri, wakaiita kwa jina la Mtakatifu Georgi. Timu hiyo ilibadili jina mara nyingi. Leo dunia nzima inaijua kama Tout Puissant Mazembe. Ilichukua ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, na mwaka 2010 ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia la Vilabu. Wanaoshangilia uwanjani Kamalondo hawakumbuki sana kwamba mwanzo wa furaha yao ulikuwa shauri la wamonaki, waliojua kwamba kijana apendaye kukimbia hafundishwi kwa kukalishwa kitini tu.

Mashahidi wa nchi yetu

Tukiwatazama wenye heri wa Kongo twaona jambo lilo hilo. Mwenye Heri Isidori Bakanja alikuwa msaidizi wa mwashi, kisha mtumishi wa nyumbani, katika nchi ya Ekwateri. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906. Hakuwa msomi wala hakuandika kitabu. Alivaa skapulari ya Bikira Maria shingoni, alisali Rozari, na wenzake kazini walipouliza, aliwafundisha sala. Basi! Msimamizi aliyechukia dini alimwamuru aivue skapulari ile. Alipokataa alipigwa mijeledi zaidi ya mia, kwa mjeledi wenye misumari. Alikaa na vidonda kwa miezi, akamsamehe aliyempiga na kuahidi kumwombea, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Kimya kingi kina mshindo mkuu: mshindo wa kimya chake ulifika Roma, ambako Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, sista wa shirika la Jamaa Takatifu, alihudumu katika sakristia, jikoni na darasani, kazi ambazo wasichana wetu huziona ndogo. Katika kazi hizo ndogo alijizoeza uaminifu aliouonyesha Isiro usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, alipochagua kufa kuliko kuvunja nadhiri yake.

Na wa karibu zaidi nasi ni Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyezaliwa mwaka 1981. Alikuwa mtumishi katika ofisi ya serikali inayopima ubora wa bidhaa mpakani. Walimletea rushwa ili aache chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Alikataa, kwani alijua kwamba maskini ndio watakaokila. Aliuawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri katika Basilika la Mtakatifu Paulo huko Roma. Kumbukeni kwamba mahali pake pa kumshuhudia Kristu palikuwa meza ya ofisi.

Mwashi, mpishi, karani. Hakuna hata mmoja wao aliyemwiga mwenzake.

Tabia si kisingizio

Hapa yatupasa kuonya, kwani moyo wa binadamu ni mjanja. Mtu mwoga anaweza kusoma maneno haya akafurahi na kusema: "Nimepona! Mimi ni mtu wa kimya, sitasema neno kamwe." La, ndugu. Mtume Petro atuagiza tuwe tayari sikuzote kumjibu kila atuulizaye sababu ya matumaini yetu, tena kwa upole na heshima. Siku itakuja ambapo jirani atakuuliza, nawe utalazimika kufumbua kinywa, kama yule kijana wetu alivyohangaika mpaka neno moja likatoka. Matendo mema bila jina la Kristu humfanya mtu asifiwe yeye mwenyewe.

Naye mwenye ulimi mwepesi ana hatari yake. Debe tupu haliachi kuvuma. Yafaa ajiulize: je, nikisha kuhubiri barabarani, mke wangu na watoto wangu wanasema nini juu yangu? Pengine utume wake mgumu kuliko wote ni kunyamaza nusu saa na kumsikiliza mtu mwingine.

Na mwenye hasira asiseme, "Ndivyo nilivyoumbwa." Fransisko wa Sales, ambaye watu wanamsifu kwa upole, alikuwa na hasira kwa asili, alipigana nayo miaka mingi mpaka ikawa bidii. Mungu hatunyang'anyi tabia yetu, bali huitia motoni na kuitakasa.

Mashauri kwa jamaa zetu

Kila msomaji ajitazame mbele ya Mungu na kuuliza mambo matatu: Ni kazi gani ninayoifanya kwa furaha, hata nikichoka? Watu hunijia kwa shida za namna gani? Na ni nani ambaye ni mimi tu ninayeweza kufika kwake? Akipata jibu la maswali hayo, amekwisha kuonyeshwa shamba lake.

Wewe mama uuzaye makala sokoni, kipimo chako kikiwa kamili na kauli yako ikiwa tamu, wateja watajua wewe ni mtoto wa nani. Chema chajiuza. Wewe baba usiyejua kusema, washa taa jioni umeme ukikatika, uwaite watoto, muanze Baba Yetu. Sauti yako nzito watoto hawataisahau hata uzeeni. Wewe upendaye ubishi, soma katekisimu vizuri kwanza, kisha umjibu mwenzako wa dhehebu jingine bila kumtukana; lengo lako liwe kumpata ndugu, ushindi wa maneno haufai kitu. Wewe mwenye ukarimu, sahani yako ya bukari na sombe ni mahubiri kwa mgeni aliyefika jana kutoka kijijini.

Nanyi watu wa kimya, angalieni matanga. Katika mji wetu kilio hukusanya watu wengi kwa siku nyingi, nao wasemaji hawakosekani. Lakini yule anayekuja asubuhi kuosha vyombo, anayechota maji, anayekaa karibu na mjane wakati wengine wamekwisha kwenda zao, huyo watu humkumbuka. Mjane hakumbuki hotuba. Humkumbuka aliyekaa naye.

Wanafunzi, ninyi mna simu na maandiko mafupi ya kila saa. Karatasi za Mtakatifu Fransisko zilipita chini ya milango. Zenu hupita hata palipofungwa. Neno la kumtia moyo mwenzako aliyeanguka mtihani, mwaliko wa kwenda pamoja naye Misani, haya hayahitaji sauti kubwa. Jiungeni pia na vyama vya parokia kwa kadiri ya vipaji vyenu: mwenye kupenda watoto aende kwa Kizito-Anuarite, mwenye miguu ya kutembelea wagonjwa aende kwa Legio ya Maria, mwenye sauti aende kwaya. Na viongozi wa vyama, tunawasihi msidharau chama cha mwenzenu.

Wazazi na walimu, sisi wa mwisho tuna amri yetu. Kabla ya kumtuma mtoto, tumjue. Tusimkate miguu kwa sababu hana mabawa.

Neno la mwisho

Tulirudi shuleni, tukamwomba yule kijana arudi pamoja nasi. Mbele ya darasa lile lile ambalo tulimwaibishia, tulisimama tukamwomba radhi. Haikuwa rahisi; mwalimu hakuzoea kufanya hivyo, na wanafunzi walikuwa kimya kama watu wa maziko. Yeye aliinamisha kichwa, kisha akatutolea mkono. Dominika iliyofuata alikaa mahali pake kanisani.

Baba yake je? Wasomaji wangependa kusikia kwamba mzee alirudi kanisani siku hiyo hiyo. Hakurudi, na tunapoandika maneno haya bado hajarudi. Lakini mama alitueleza jambo moja. Jioni moja mzee alizima redio, akamwambia mwanawe: "Nisomee kile kitabu chako." Kijana akachukua Injili. Alisoma kwa shida, neno kwa neno, akikwama na kuanza tena, na sura moja fupi iliwachukua karibu saa nzima. Baba hakumharakisha hata mara moja. Tangu hapo wanasoma kila jioni.

Sisi tunaosoma haraka, tena bila kukwama, tumewahi kusikilizwa hivyo mara ngapi? Tumwombe Mungu amwangazie mzee yule njia ya kurudi nyumbani, naye atupe sisi sote moyo wa kukubali kalibu ambayo Yeye mwenyewe alitumimina ndani yake. Ninyi mnaosoma nasi, mtieni mzee huyo katika Rozari yenu ya leo jioni.